Dakika Moja ya Nesi

Kila mwaka wa masomo ulipoanza, Nesi wa chuo chetu pale Iringa alipewa nusu saa ya kusema na wanafunzi wapya. Walimpanga baada ya mtu wa maktaba na kabla ya mtu wa ulinzi, saa ambayo ukumbi mzima unawaza wali maharage wa kantini. Alipanda jukwaani na sweta lake la kijivu, akasema mambo yake bila kuzunguka: malaria, taifodi, maji ya kuchemsha, halafu vidonge, sindano, kijiti, kitanzi, kondomu, P2 za dharura. Vyote alivitaja kwa sauti ileile aliyotajia maji ya kuchemsha. Wavulana walikohoa kwa makusudi. Sisi wasichana tuliinamia simu kana kwamba kuna matokeo yametoka. Alipomaliza alisema, "Swali?" halafu akainua mkono wa kushoto, akaitazama saa yake, akasubiri dakika nzima.

Hebu jaribu kusubiri dakika nzima mbele ya watu waliokaa kimya. Ni ndefu, jamani. Kiti kinalia, mtu anapiga chafya, na yeye hasogei. Miaka mitatu niliyosoma pale nilihudhuria hotuba ile mara tatu, mara mbili za mwisho kwa sababu kwaya yetu ndiyo iliyofungua shughuli, na sikuona hata mkono mmoja ukinyooshwa. Dakika ikiisha alishusha mkono na kusema, "Haya. Nendeni mkaulizane." Akashuka zake.

Tulikwenda tukaulizana. Yote yaliyonipata mimi na mwenzangu yalitoka huko kuulizana, ndiyo maana siwezi kumsimulia Nesi huyu bila kujisimulia mwenyewe, ingawa ningependa sana nijiache nje.

Zahanati yake ilikuwa nyumba ndogo ya bati jekundu, na mlango wake ulitazamana na kantini. Sijui ni fundi gani aliyefikiria hivyo. Ukiingia, kila anayekula chipsi amekuona. Ukitoka, wanaangalia mkononi umebeba nini. Kwa hiyo chuo kizima kiliumwa kichwa. Msichana akifika alisema kichwa, mvulana akifika alisema kichwa, na Nesi aliuliza bila kuinua macho, "Kichwa cha kawaida, au kile kingine?" Ukisema kile kingine alisimama, akafunga mlango, akavuta pazia, na daftarini akaandika "kichwa" hivyohivyo, kwa sababu alijua daftari lile linashikwa na watu wengi. Siku moja alikuja mkaguzi kutoka wilayani, akapekua kurasa, akauliza mbona hapa watu wanaumwa vichwa kiasi hiki. Nesi akamjibu, "Wanasoma sana." Habari hiyo tuliipata kwa mfagizi, na tulicheka wiki nzima.

Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na sketi fupi hakuzipenda. Angeweza kukupa pakiti ya vidonge huku anakugombeza kuhusu gauni. "Baridi yote hii ya Iringa na magoti nje! Utapata mafua, si bwana." Halafu angekueleza vidonge vinavyomezwa, taratibu, mara mbili, na kukuamuru umrudishie maelezo yote kwa mdomo wako mwenyewe. Waliofika kwake hawakukosea. Tatizo ni kwamba hatukufika.

Wavulana waliofuata kondomu aliwatesa kidogo. Alikuwa na gunzi la mahindi kwenye droo, kavu, safi, limefungwa kwenye kitambaa. Kijana akisema anajua, yeye alilitoa na kuliweka mezani: "Usiniambie unajua. Nionyeshe." Wengi walitoroka. Waliobaki walisema kwamba hakucheka hata mara moja, na kwamba mwisho aliwaambia, "Na ukimpenda usimwambie hizi ni za watu wasioaminiana. Mwambie wewe ndiye usiyejiamini." Sentensi hiyo ilizunguka mabweni kwa kejeli. Mimi nimekuja kuielewa sasa nikiwa mwalimu mtu mzima, mwenye ndevu za kike, kama wanavyosema wanafunzi wangu wakidhani siwasikii.

Kingine ni kufuma. Pasipokuwa na mgonjwa, sindano mbili za kufumia ziko mkononi na uzi uko mapajani. Alifuma kofia za watoto wachanga, zile za kufunga chini ya kidevu, za njano na nyeupe. Mtu anayegawa vidonge vya kuzuia mimba anafuma kofia za vichanga! Tulilisema hilo sana. Kofia hizo aliwapa wanafunzi waliopata mimba. Hakuuliza baba ni nani wala hakusema nilikuonya. Alimpima, akamwandikia cheti cha kliniki, akafungua kabati na kumwambia, "Chagua rangi."

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye nyumba za watumishi, karibu na miti ya misindano. Saa sita kamili alifunga zahanati kwenda kumlisha mumewe. Mzee yule alikuwa dereva zamani, mrefu, mpole, amepooza upande mmoja, na mchana kutwa alikaa barazani na blanketi magotini akiitikia salamu zetu kwa mkono mzima. "Kamwene, baba," tulimwamkia kwa Kihehe, naye aliitikia akafurahi sana. Tulimpenda. Tulimhurumia kuliko tulivyomhurumia mkewe. "Maskini mzee wa watu," tulisema tukishapita, "hata mtoto mmoja wa kumshika mkono hana."

Maana hawakuwa na mtoto. Hapo ndipo palipokuwa na habari tamu kuliko zote.

Habari ilisema hivi: Nesi mwenyewe alijichoma sindano za uzazi wa mpango alipokuwa binti, zikamkausha. Niliikuta chuoni, sikuianzisha mimi. Ilikuwepo kabla yangu na walionipokea walinipokea nayo, pamoja na habari ya mhadhiri anayefelisha na bafu lisilo na maji. Ilifanya kazi vizuri mno. Msichana akianza kuwaza sindano, mwenzake alimwuliza tu, "Umemwona Nesi ana mtoto?" Basi, mjadala umekwisha. Na Nesi aliijua. Mfagizi alimwambia, wauguzi wenzake walimwambia, mvulana mmoja mlevi wa ulanzi aliwahi kumpigia kelele hilo kutoka kantini mchana kweupe. Alisimama mlangoni, akamtazama, akarudi ndani. Hakukanusha siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Alikula peke yake, alikwenda kanisani peke yake, na kwenye sherehe za watumishi alikaa kwenye kiti cha pembeni na kufuma.

Chumbani kwetu tulikuwa wanne. Wawili sitawataja sana, maana wao mambo yao yalinyooka. Wa tatu alikuwa Tumaini, binti wa Makambako, mwembamba, mcheshi, anayeimba huku anafua. Alikuwa na mpenzi wa mwaka wa tatu, kijana wa kuvaa miwani bila sababu, ambaye kondomu alizikataa kwa maneno yaleyale ambayo Nesi alishayatabiri. P2 Tumaini alizimeza hadi siku zake zikavurugika. Kliniki ya mjini aliogopa kukutana na shangazi. Zahanati ya chuo aliogopa kantini. Kumwuliza mama yake, wee, hilo hata hakulifikiria. Nyumbani kwao, kama kwetu, uzazi wa mpango ulikuwa jambo la wake za watu.

Wa nne ni mimi, mwanakwaya, mwenye sketi za kuburuza. Kwa sababu ya sketi hizo mimi ndiye niliyekuwa natumwa. Duka la dawa la mjini halikunishuku kitu, na hata waliponishuku waliona haya kusema. Siku moja wenzangu walinituma pakiti ya vidonge vya kila siku. Tulichanga, nikanunua, nikaiweka ndani ya kopo langu la majani ya chai. Na tukaanza kuitumia kwa zamu. Ndiyo, pakiti moja, watu wanne. Anayekwenda kuonana na mwenziwe anakuja kwangu, namtolea kidonge kimoja, anameza, anaondoka. Hakuna aliyesoma karatasi ya ndani. Tulikuwa watu wa chuo kikuu, tunaandika tasnifu, na karatasi ile tuliifungia karanga.

Ngoja, si hayo tu. Pakiti ina vidonge vyeupe na mwishoni ina mstari wa vya kahawia. Sisi tuliona vya kahawia vimekolea rangi, tukakata shauri kwamba hivyo ndivyo vikali. Tukavitunza kwa ajili ya wenye hatari zaidi. Tumaini, ambaye bwana wake alikuja kila Jumamosi, mimi kwa upendo kabisa nilimpa vya kahawia. Nilikuja kujua baadaye kwamba vile ni vya kuongeza damu, havina kazi nyingine yoyote.

Kabla ya hapo, lakini, Tumaini alikuwa ameamua kuchoma sindano. Hili ndilo ninalolikumbuka nikiwa peke yangu, hasa mvua ikinyesha na nimebaki nyumbani na madaftari ya watoto. Ilikuwa mchana, tuko kwenye karo la kufulia. Akasema, "Mimi kesho nakwenda kwa Nesi. Nimechoka kuishi kwa kuhesabu siku." Nikamwambia ile habari. Aliijua, lakini safari hii alikuwa ameanza kuitilia shaka. "Wanasema tu," akasema, "hakuna anayejua." Basi sikutaka kushindwa. Nikasema, "Mimi najua. Alichoma miaka saba. Miaka saba mfululizo, ndiyo maana." Akaacha kufua. "Saba? Nani kakuambia?" Nikasema ni mama mmoja wa kanisani.

Hakuna mama wa kanisani. Habari niliikuta, miaka saba niliiongeza mimi, kwenye karo, mikono ina povu. Nilitaka tu nionekane ninajua. Kesho yake Tumaini hakwenda.

Mimba ilipogundulika ilikuwa ya miezi minne na sisi tunakaribia mitihani. Nilimsindikiza zahanati, tukapita mbele ya kantini, hatukujali tena. Nesi alimpima, akaandika, akakaa. Tumaini akaanza kulia na kusema mambo yote kwa pamoja: vidonge vya kahawia, mama yake, na "Nilitaka kuja, Nesi, ila niliogopa, walisema wewe ulichoma miaka saba." Nilisimama karibu na mzani. Nilitamani dari linifunike.

Nesi aliinua macho. "Saba?" akauliza, polepole, kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Alimtazama Tumaini, akanitazama mimi, nikatazama mzani. Hakuuliza zaidi. Akafungua kabati: "Chagua rangi, mwanangu." Tumaini alichagua ya njano. Siku ya kuondoka Nesi alifunga zahanati saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mkuu wa chuo, akambebea begi mpaka stendi. Yule wa miwani hakuonekana. Tumaini alijifungua salama, mtoto wa kiume. Chuo hakurudi. Sasa anauza vitenge Makambako na kila Krismasi ananipigia simu, mchangamfu vilevile, na mimi kila Krismasi nashindwa kumwambia.

Wiki ileile aliyoondoka nilikwenda zahanati nikasema kile kingine. Nilikuwa na mtu wangu pia, msinione malaika kwa ajili ya sketi. Hofu ya mimba ilikuwa imeishinda hofu ya habari yangu mwenyewe. Nesi alifunga mlango, akavuta pazia, akanieleza sindano inavyofanya kazi, kwamba hedhi inaweza kupotea, kwamba ukiacha inaweza kuchukua miezi kadhaa, hata mwaka, kabla mwili haujarudi. Akanitaka nirudishe maelezo. Nikarudisha. "Swali?" akauliza, akainua mkono na kutazama saa. Tulikuwa wawili tu mle ndani. Swali lilinijaa mdomoni: ni kweli? Dakika ikaisha. "Haya," akasema, akanichoma. Nilirudi kila miezi mitatu mpaka nikahitimu, na kila mara alinisubiri ile dakika.

Mengine ni ya kawaida. Nilipata kazi ya ualimu, nikaolewa Mgololo na fundi wa kiwanda cha karatasi, mtu mwema, mpole, mwimba besi. Mwaka wa kwanza watu walisubiri. Wa pili wakauliza. Wa tatu nikafanya kosa la kumwamini mume wangu, nikamwambia kwamba chuoni nilichoma sindano. Sijui alimwambiaje mama yake, ila najua kwamba Jumapili iliyofuata mama mkwe alisema akimenya viazi, bila kunitaja jina, "Hawa wasomi. Wanamalizia matumbo yao huko chuoni halafu wanatuletea maganda."

Sasa ni mwaka wa sita. Ile habari ya sindano zinazokausha, kumbe ilifika Mgololo kabla yangu. Kwenye jumuiya wananyamaza nikiingia. Walimu wenzangu wakijifungua wanasahau kuniambia. Mkwe ameshasema kwamba kuna binti wa Nyololo, mzima, hajasoma sana, na kwamba mwanawe asiponirudisha kwetu yeye mwenyewe atakwenda kumchukua binti huyo. Mume wangu hakusema ndiyo wala hapana. Mimi nilipimwa hospitali mara mbili, wakaniambia hawaoni kasoro, mlete mwenzako. Mwenzangu akasema, "Nikapime nini mimi? Mimi sijachoma sindano." Na ubaya wenyewe, nilimwamini. Nililala kando yake nikiamini kwamba nimejiua mwenyewe tumbo, na kwamba ni haki yangu kwa ajili ya Tumaini.

Nilisikia kwamba Nesi amestaafu, mumewe amefariki, na yeye anaishi Mbeya, mtaa wa Soweto, kwenye nyumba aliyoachiwa na kaka yake. Likizo ya Juni niliaga kwamba nakwenda semina. Nikashuka mpaka Nyololo, nikasimama barabarani kungoja basi la Mbeya, na kila binti aliyepita na beseni kichwani nilimtazama nikajiuliza kama ni huyo. Aibu gani hiyo, mwalimu mzima.

Alifungua mlango mwenyewe. Amepungua, magoti yanamsumbua, lakini sweta ni lilelile la kijivu, viwiko vimetiwa viraka. "Shikamoo, Nesi." "Marahaba." Alinitazama kidogo tu. "Sketi ndefu. Kila miezi mitatu. Karibu, mwanangu." Chumbani palikuwa na kiti kimoja cha kukalia, kingine kilibeba nyuzi, ikabidi azihamishe. Nilijua mara moja kwamba hapaji wageni. Alinipa chai na ndizi za kuchemsha, akaomba baraka ndefu, akawa anazungumza mfululizo kuhusu bei ya mkaa, kama mtu aliyekosa wa kumwambia tangu Jumapili.

Nikaweka kikombe chini. "Nesi, nina swali."

Alitazama saa yake, nadhani kwa mazoea, kisha akaivua na kuiweka mezani. "Uliza."

Nikamwuliza, hata sikulipanga vizuri. Kwamba ni kweli zilimkausha? Kwamba mimi nimekauka? Na kabla hajajibu nikalia na kusema lililonileta hasa: "Ile miaka saba ni mimi. Mimi ndiye niliyeiongeza, Nesi. Nilimwambia Tumaini ili asinishinde kwa maneno."

Nilitegemea anifukuze. Alicheka, cheko fupi la kushtuka. "Kumbe ni wewe! Miaka yote hii nawaza hiyo saba imetoka wapi. Nilijua ya sindano, nilijua ya uchawi wa kwetu Tukuyu, ila saba ilinisumbua. Mbona si tano?" Kisha akaacha kucheka, akanipa kanga yake nifute uso.

"Sikiliza sasa. Mimi sijawahi kuchoma hata moja. Sikuwa na sababu. Tulipooana tulitaka watoto kumi. Nilipimwa mimi, nikaonekana mzima. Akapimwa yeye, hana mbegu. Kabisa. Karatasi aliisoma daktari, nikaisoma mimi, na yeye akaniomba tukiwa bado kwenye korido, 'Mke wangu, usiniseme.' Nikasema sikusemi."

"Kwa hiyo ulipokuwa unasimama pale ukumbini..."

"Nilikuwa nasubiri mtu aulize. Akiuliza mtu, nilijiambia, nitasema. Nitasema sijawahi kutumia, waache upuuzi, waje zahanati. Na papo hapo nilikuwa naomba Mungu asiulize mtu, maana wangesema basi kama si wewe ni nani? Na yeye yuko pale barazani anawapungia mkono." Akashika uzi, akauachia. "Nilimficha mtu mmoja, mwanangu. Nikawaacha ninyi wote mniogope. Yule binti wa Makambako nilipombebea begi nilijua kabisa nabeba nini. Wewe una saba yako. Mimi nina yangu kubwa kuliko hiyo."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Nilidhani nitasikia nafuu, na nilisikia, lakini haikuja peke yake. Ilikuja na picha ya yeye akiwa na umri wangu, anafunga zahanati saa sita, anapita katikati ya watu wanaomhurumia mumewe.

"Sindano uliacha lini?" akauliza, na sasa ilikuwa sauti ya zahanati. Nikamwambia. "Hiyo ilishatoka mwilini siku nyingi. Inachelewesha miezi, wengine mwaka. Haikai miaka sita. Mumeo amepima?"

"Hataki."

"Amesemaje?"

"Amesema yeye hajachoma sindano."

Nesi alitikisa kichwa taratibu. "Huenda ni mzima. Huenda ni wewe, huenda ni nyote, huenda hakuna kasoro. Sijui, na wewe hujui. Ila usimbebee kitu ambacho hata hajakipima. Mimi nilibeba nikiwa najua. Nilimpenda, na bado nilichoka. Unajua watu wangapi walikuja msibani wakanipa pole kwa kumnyima mzee mtoto?"

Niliangalia kabati lake. Lilikuwa wazi kidogo, kofia zimepangwa, nyeupe na njano. Aliona nilipoangalia. "Hapana," akasema. "Kofia natoa kwa mtoto aliyepo. Sitakupa ya kwenda kuilalia na kuililia."

Alinisindikiza mpaka barabarani kwa magoti yale yale mabovu, ananishika mkono, anaomba samahani kwa kila jiwe. "Ndaga, mwanangu, asante kwa kuja," akasema. Kabla sijapanda alisimama mbele yangu kama zamani. "Swali?"

Lilikuwepo, lakini halikuwa lake. Nikamkumbatia, akabaki ameshika sweta langu muda mrefu kuliko nilivyotegemea, mpaka kondakta akagonga bati.

Nilifika Mgololo kesho yake saa kumi jioni. Mume wangu alikuwa uani anatengeneza kiti, mama yake anachambua mboga kwenye ungo. Niliamkia. Wakauliza semina imekwendaje. Nikasema sikwenda semina, nilikwenda Mbeya kumwona nesi aliyenichoma zile sindano, na nikarudisha maelezo yote kwa mdomo wangu, taratibu, mara mbili, mama mkwe akiwa anasikia. Kisha nikamgeukia mume wangu.

"Nina swali. Utakwenda kupima lini?"

Nyundo ilisimama. Mama mkwe aliacha mboga. Hakuna aliyesema kitu, na kwa mara ya kwanza kimya chao hakikunihusu mimi peke yangu. Niliinua mkono wa kushoto, nikatazama saa, nikasubiri.

Dakika ikaisha. Sikusema haya. Nikaanza kuhesabu nyingine.